Mchomo wa tatu
Huku Ukambani, Tseikuru ikiwemo, chungu cha jadi, mbisu, huchomwa mara moja tu, uwanjani, bila joko. Ukimtajia mfinyanzi mchomo wa tatu atakuuliza: si kitapasuka jamani?

Katika karne ya 9, Wairaki walichoma udongo, wakaupaka utando wa kioo na kuuchoma tena. Kisha walichora juu yake kwa fedha na shaba, wakakirudisha chombo kwenye moto hafifu wenye moshi mwingi na hewa haba. Kilitoka kinameremeta kama dhahabu.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Abuja, Nigeria, mwaka 1974 akajifunza kufinyanga kwa mkono. Vyungu vyake vyekundu huvirudisha motoni, moshi ukavigeuza vyeusi.

Kiswahili kina joko, kaure na kigae; mng'aro ule wa Wairaki hauna jina. Tukitoa kwenye kumeta, napendekeza “mmeto”.