Kumbe Ndiyo Maana Bukta za Baiskeli Zinatoboka! Stori ya Mabingwa, Majipu na Sekunde 8

Julai 23, 1989, Paris. Mfaransa mmoja, miwani machoni na nywele kafunga kwa nyuma, anaamka siku ya mwisho ya Tour de France akiongoza kwa sekunde 50. Zimebaki kilomita 24.5 tu. Jioni anakuwa wa pili. Kapigwa na Mmarekani kwa sekunde 8, baada ya kupiga pedeli zaidi ya kilomita 3,200!

Wengi wanakumbuka usukani wa kisasa wa yule Mmarekani. Kitu ambacho kilisahaulika haraka ni kwamba Mfaransa aliingia barabarani akiwa na kidonda pale pale anapokalia. Kukaa kwenye siti tu ilikuwa mateso.

Na hakuwa wa kwanza. Mfaransa mwingine, aliyebeba taji hilo 1953, 1954 na 1955, aliumizwa na siti mpaka akaishia kwa daktari wa upasuaji, na 1956 hakuonekana kabisa. Mbelgiji mmoja naye alipasuliwa siku chache kabla ya Tour ya 1974. Akapanda baiskeli na kidonda kibichi, na akashinda taji lake la tano. Jamaa wa chuma!

Sasa haya yote na bukta yako iliyotoboka yanahusiana vipi?

Piga hesabu kidogo. Mwendeshaji mzoefu anazungusha pedeli kama mara 90 kwa dakika. Kwa saa moja ni mizunguko 5,400, na kila mzunguko paja linapita pembeni ya siti. Ukichanganya na uzito wa mwili, jasho na vumbi la barabarani, hapo ni sawa na kupigwa msasa taratibu. Lazima kitu kiliwe. Kama si nguo, basi ni ngozi.

Zamani bukta zilikuwa za sufu. Zikilowa jasho zinalegea na kujikunja, na mikunjo ndiyo inachubua. Kwa ndani walishonea kipande cha ngozi laini ya mnyama. Shida ni kwamba ukiifua ikikauka inakakamaa kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo ikabidi ipakwe mafuta ndiyo ivalike.

Mwaka 1958 mkemia wa kampuni ya DuPont, Marekani, akatengeneza uzi unaovutika na kurudi, ambao dunia inaujua kama Lycra. Miaka ya 1970 ukafika kwenye bukta za baiskeli. Nguo ikaanza kubana mwili kama skintaiti, mikunjo ikapungua, na baadaye sponji ikachukua nafasi ya ile ngozi.

Lakini uzi huo nao una maadui zake: joto kali, dawa za kung'arisha nguo zenye klorini, na jua la muda mrefu. Ndiyo maana bukta ikiloekwa kwenye dawa hizo au ikipigwa pasi inakufa mapema. Inalegea, inaanza kusogea juu ya siti, na ule msuguano wa zamani unarudi.

Sehemu iliyotoboka nayo inaongea. Ikiisha ndani ya mapaja, angalia ncha ya siti, huenda ni pana sana au imechanika. Ikiisha upande mmoja tu, huenda siti imepinda au iko juu mno, kiuno kinayumba kufuata pedeli.

Kwa hiyo bukta ikitoboka usikimbilie kusema ni feki. Mara nyingi imekula msasa ambao ungekula ngozi yako. Ikianza tu kuonyesha mwili, istaafishe. Mabingwa watatu walishalipa bei ya kidonda cha siti, na mmoja alilipa kwa sekunde 8.

Haya, ya kwako imeanza kuisha wapi?