Kupinda na kupindika

Matangazo ya dawa huandika "uume uliopinda" kana kwamba ni hali moja. Kwa sikio langu ziko mbili. Mti ulioota ukiinamia upande umepinda. Chuma kilichokunjwa kimepindika, yaani kuna kilichokipinda.

Kupinda ni kwa waliozaliwa hivyo. Uume wao hupinda kidogo unaposimama, na usipouma wala kuzuia tendo la ndoa hauhitaji tiba. Kupindika huja ukubwani, mara nyingi baada ya miaka 40. Majeraha madogo, pengine ya wakati wa tendo, huacha kovu gumu kwenye utando unaofunika sehemu zinazojaa damu. Upande wenye kovu hautanuki, basi uume hugeukia huko. Kisukari huongeza hatari. Madaktari huuita ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743.

Miezi ya mwanzo, maumivu yakiwapo na mpindo ukibadilika, upasuaji husubiri. Hali ikitulia kuna sindano ya kolajenesi ya kuvunja kovu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, kifaa cha kuvuta, au kisu. Vitamini E, inayosifiwa sana, haijathibitika kunyoosha chochote.

Na kuvunjika je? Uume hauna mfupa, lakini neno halikukosea: ule utando wa sehemu zinazojaa damu ukipasuka ghafla, mlio ukasikika na uvimbe ukafuata, ni hospitali saa hiyohiyo.