Piki ya chuma kwenye gitaa la umeme: inafaa au inaharibu?

Piki ni kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi za gitaa. Wapiga udi wetu hukiita risha, maana zamani kilikuwa unyoya hasa, na jina limebaki ingawa siku hizi risha nyingi ni za plastiki. Piki nazo nyingi ni za plastiki, lakini ziko pia za shaba na za chuma cha pua, na vijana wanaopiga bango na taarab harusini huniuliza kama zinafaa. Jibu langu ni kwamba zinamfaa mwenye mkono mwepesi, tena akijua ni chuma gani alichoshika.

Plastiki ikigusa uzi hupinda, na nguvu ya mkono hupungua hapo. Chuma hakipindi. Sauti hutoka kali, kila noti ikisikika peke yake, na kosa dogo la mkono halifichiki.

Mfano mashuhuri ni Brian May wa kundi la Queen, lile lililoimbiwa na mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury. May hupiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita, ndogo kidogo kuliko sumni yetu ya zamani. Akiilaza sarafu, sauti huwa laini. Akiigeuza upande, yale meno ya ukingoni hukwaruza uzi na gitaa likatoa mlio kama wa mtu mwenye mafua. Mlio huo ndio unaomtambulisha.

Watu huona sarafu wakadhani chuma chochote kitafanya kazi hiyo. Sivyo. Tangu 1947 peni sita zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao ni laini kuliko nyuzi za chuma cha pua, kwa hivyo sarafu ndiyo inayolika na uzi unasalimika. Pia haivutwi na sumaku. Hilo ni jambo kubwa kwenye gitaa la umeme, kwa sababu chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya, zinazohisi mtikisiko wa uzi na kuugeuza kuwa umeme. Piki inayonasa sumaku ikikaribia hapo nayo huhisiwa, na ikigonga pikapu, spika hutoa kishindo ukumbi mzima ukageuka.

Basi ijaribu kwanza kwa sumaku ya spika mbovu. Ikinasa, iache. Sumni za Afrika Mashariki za miaka ya 1950 zilikuwa za shaba na nikeli vilevile, na pengine bado iko moja kwenye kopo la nyanya yako.

Wapiga ganuni wetu wana dawa nyingine. Huvaa pete ya chuma kidoleni, lakini kinachogusa uzi ni risha iliyochomekwa ndani ya pete, ya pembe au ya plastiki. Chuma kinashika tu.

Kwenye gitaa, zinazoumia mapema ni zile nyuzi nene zilizosokotewa waya. Pitisha ukucha ukingoni mwa piki kabla ya kupiga. Ukikwama, sugua pale kwa msasa laini hadi ukucha upite, maana kijino kimoja tu kinatosha kufumua ule waya kabla bibi harusi hajaingia.