Alama ya Pauni Kwenye Kibodi: Laptop ya Mwanachuo wa Dar Ilitoka Wapi?

Chungulia kibodi ya laptop za wanachuo wa Dar. Nyingi, juu ya namba 3, zina alama ya pauni ya Uingereza. Nyingine Z na Y zimebadilishana nafasi, ujue hiyo ni ya Ujerumani. Ukiigeuza chini unakuta gundi ya stika ya ofisi iliyobanduliwa kwa kisu.

Mashine hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi. Na kwa gemu ndiyo kabisa, hakuna aliyeiwazia. Ilikuwa ya mtu wa ofisini, anafungua barua pepe na hesabu za kampuni. Baada ya miaka mitatu minne kampuni ikanunua mpya, hii ikaingia kwenye kontena, mara nyingi ikapitia Dubai, ikashukia Bandari ya Dar es Salaam. Kutoka pale hadi Kariakoo ni mwendo mfupi tu. Ikapigwa kitambaa, ikawekwa mezani na karatasi: "used ya UK, kitu kali".

Na hata kufika hapo ni safari. Kuna kipindi nchi hii kompyuta ilikuwa marufuku kuingizwa, siyo utani. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ukaenda mrama, hela ikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Aliyeitaka alipaswa kuomba kibali maalumu. Kwa hiyo Nyerere alipofungua jengo la soko la Kariakoo Desemba 1975, mchicha ulikuwepo, viazi vilikuwepo, lakini kompyuta ilikuwa ya taasisi chache tu. Kamba ilikuja kulegezwa na biashara huria. Televisheni yenyewe huku Bara ilianza 1994, fikiria.

Miaka ya 2000 mwanzoni kijana wa mjini alikuwa na sehemu mbili. Intaneti kafe kwa ajili ya barua pepe, na banda la PlayStation kwa ajili ya mpira. Kazi kivyake, gemu kivyake. Kumiliki kompyuta ya kubeba mgongoni, hiyo ilikuwa ya mabosi.

Halafu ukaja mwaka 2005. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na "boom" ikawa neno la kila chuo. Mwaka huohuo GTA San Andreas ikatoka kwa kompyuta, nayo haikuwa na makuu: RAM ya megabaiti 256 na kadi ya picha ya megabaiti 64, inacheza. Hivyo vitu viwili havikupangwa vikutane. Ila vilikutana hosteli. Dogo wa mwaka wa kwanza akipata boom, anabana msosi, anaomba nyongeza kwa mjomba, anashuka Kariakoo. Nyumbani ameaga anakwenda kununua kitendea kazi. Kichwani kuna vitu viwili: ripoti ya chuo na San Andreas.

Hapo ndipo wengi walipolia, na sababu ni kitu kimoja kidogo ndani ya mashine.

Laptop ya ofisi kwa kawaida haina kadi ya picha ya kujitegemea. Picha za gemu zinachorwa na kisehemu kidogo kinachoazima RAM ya mashine. Kwenye mashine za zamani kisehemu hicho kilikuwa dhaifu kweli. Mwanzoni mwa 2011 Intel ikatoa kizazi cha pili cha Core, picha zikahamia kwenye kipande kilekile cha prosesa. Mwaka 2012 kikaja kizazi cha tatu chenye HD 4000. Kwa ofisi ya London hayo hayakuwa na maana yoyote, nani anacheza gemu kazini? Lakini mashine hizohizo, ThinkPad T430 na EliteBook 8470p, zilipochoka ofisini na kufika Dar, zilikuja na uwezo ambao mwenye mali wa kwanza wala hakuugusa. PES 2013 ikawa inatembea bila kugandaganda. San Andreas ndiyo usiseme.

Ndiyo maana hosteli za Dar ziliendelea kucheza PES 2013 miaka na miaka huku dunia ikiwa mbali. Watu waliwacheka kwamba wamepitwa. Siyo kupitwa. GTA V ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2015 ilitaka RAM ya gigabaiti 4, kadi ya picha ya gigabaiti 1 na nafasi ya zaidi ya gigabaiti 60. Kwa laptop ya karani huo ni mkosi. Mashine ya mtumba ikaenda na gemu ya umri wake, na gemu yenyewe ikahama mkono kwa mkono kwenye flashi.

Sasa turudi kwa waliolia. Maneno "Core i7" yana utamu wake, na wapo wauzaji wanaojua. Dogo anaiona stika ya i7, bei imezidi i5 ya pembeni, anaamini anachukua jembe. Anafika hosteli, mpira unatembea kama picha mgando. Kumbe ni i7-620M, kizazi cha kwanza. Ile i5-3320M aliyoidharau ingemchezea vizuri zaidi. Tarakimu ya kwanza kati ya zile nne ndiyo kizazi, na namba ikiwa na tarakimu tatu tu, hiyo ni ya kwanza kabisa. Stika inabadilishwa kwa dakika moja. Boom hairudi hadi awamu nyingine.

Mwaka 2021 Windows 11 ikaja na sharti lake: kwa Intel, karibu zote za chini ya kizazi cha 8 hazikubaliwi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10. Kizazi cha 6 na cha 7, mashine nzima kabisa, zikawa mzigo kwa ofisi za watu. Kwa mwanachuo wa Dar bado zinapiga kazi, ila anayetaka kukaa nayo hadi mwaka wa nne anatazama cha 8: i5-8250U ina koo nne wakati i5-7200U iliyoitangulia ina mbili. Na RAM mbili za gigabaiti 4 humpa mcheza gemu raha kuliko moja ya 8, kwa sababu kile kisehemu cha picha kinaazima humo humo.

Siku hizi dogo haendi mikono mitupu. Anakwenda na flashi.

"Boss, hii i7, inapiga gemu zote."

"Sawa kaka, niwashie kwanza."

Anaandika dxdiag, anasoma namba ya prosesa taratibu, anachomeka flashi, anasubiri mpira uanze. Anachomoa chaja aone betri itafika dakika ngapi. Muuzaji anatazama foleni ya wateja nyuma yake, kisha anaanza kushusha bei mwenyewe.