Ghala la Data Huugua Kimya Kimya: Niliyoyaona Migori na Homa Bay

Miaka mingi nyuma, nikiwa ndiyo kwanza nimepata stashahada yangu ya kompyuta, niliajiriwa katika ofisi moja hapa Mombasa. Kwenye chumba cha seva palikuwa na taa ndogo ya manjano ikimetameta. Kila mtu akiiona, hakuna aliyeuliza. Mashine ilikuwa yafanya kazi, basi tukaona mambo ni salama. Kumbe taa ile ilikuwa yasema kwamba kati ya diski mbili, moja imekufa. Siku ya pili yake ilipokufa, kumbukumbu za miaka mitatu zilikwenda nayo.

Kisa hicho kilinirudia nilipomtembelea mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za vituo vya afya pande za Migori na Homa Bay. "Mjomba," akaniambia, "ukingoja mpaka mashine inyamaze, ushachelewa."

Ghala la data ni nini?

Ni mahali ambapo taarifa kutoka sehemu nyingi hukusanywa pamoja ili zichambuliwe. Kampuni kubwa hununua mashine maalumu kwa kazi hiyo: seva, diski na programu vimefungwa pamoja kama friji, wewe wachomeka na kutumia. Mfano ni Netezza, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2010, na Exadata ya Oracle iliyotoka 2008. Mashine hizi zimeundwa zistahimili. Diski ikifa, nyingine hubeba mzigo wake. Hapo ndipo penye hatari: kwa kuwa kazi haisimami, mtumiaji hajui kwamba kinga yake imeshapungua.

Kwa nini Migori na Homa Bay?

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa Homa Bay ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 19.6 kwa watu wazima, ilhali taifa zima lilikuwa na asilimia 4.9. Migori nayo ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika sana. Wavuvi huhama kutoka ufuo hadi ufuo, Mbita hadi Mfangano, na wengine huvuka mpaka wa Isebania kwenda na kurudi Tanzania. Mgonjwa akihama, kumbukumbu yake isipopatikana, dawa zake zaweza kukatika.

Vituo vingi hutumia programu iitwayo KenyaEMR. Kituo huwa na seva yake ndogo, wauguzi huingiza taarifa humo, kisha data isiyo na majina hupelekwa kwenye ghala la taifa. Huko wataalamu waweza kuona kituo gani kimetuma na lini. Kituo kikikaa kimya, huenda hakina wagonjwa, lakini mara nyingi zaidi ni umeme, intaneti au seva. Asiyeangalia hawezi kutofautisha.

Skrini moja, mashine nyingi

Uangalizi wa pamoja maana yake ni mtu mmoja kukaa mbele ya skrini moja akaona hali ya mashine zote, bila kupanda boda wala mashua. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kituo kikuu huiuliza kila mashine baada ya dakika chache: u hali gani? Ya pili, mashine yenyewe hutuma habari inapopatwa na jambo. Afadhali kutumia zote mbili, kwani mashine iliyokufa haiwezi kutuma salamu. Programu kama Zabbix na Nagios hufanya kazi hii na zapatikana bila malipo.

Yanayofaa kuangaliwa ni haya:

1. Diski: ngapi ni nzima, na nafasi iliyobaki ni kiasi gani. Hifadhidata ikikosa nafasi husimama.
2. Joto na feni. Chumba kilichofungwa madirisha karibu na ziwa hakitofautiani na chetu cha Kisauni mchana wa Februari.
3. Umeme na betri ya akiba.
4. Prosesa na kumbukumbu ya kazi: kama zimezidiwa kwa muda mrefu.
5. Nakala ya akiba: ya mwisho ilichukuliwa lini, na je, ilishawahi kujaribiwa kurudishwa?
6. Data yenyewe: mara ya mwisho kutumwa ilikuwa lini.

Tahadhari nazo zataka busara. Mpwa wangu alinionyesha simu yake ya zamani iliyokuwa ikipokea jumbe mia kwa siku. Alikuwa ashaacha kuzisoma. Sasa ameziweka ngazi mbili: manjano husubiri asubuhi, nyekundu humwamsha usiku. Diski ikijaa asilimia 80 ni manjano, 95 ni nyekundu. Na kila nyekundu ina jina la mtu wa kuijibu.

Tena, skrini hiyo ni mlango. Anayeiona aweza kujua mengi, hivyo nywila zake zisiwe za kugawana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imekazia hapo.

Nani atakaa mbele ya skrini?

Mifumo ya data ya VVU nchini ilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango ulioanza 2003. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndipo wengi wetu tukakumbuka kuwa seva haijitunzi, na anayeitunza hula mshahara.

Sisi wa Pwani tusidhani hayo ni ya ziwani tu. Hospitali zetu, kuanzia Lamu hadi Kwale, nazo zaingia kwenye kompyuta. Kaunti inaponunua mashine, wawakilishi wetu waulize mambo mawili kabla ya kupitisha bajeti: nani ataiangalia, na atalipwa kutoka fungu gani? Pasipo majibu hayo, tutakuwa tumenunua taa nyingine ya manjano.