Katunga Nani?

Bibi alisikiliza wimbo hadi mwisho, simu yangu akiwa ameisogeza karibu na sikio, kisha akauliza swali moja tu: "Katunga nani?"

Tulikuwa tumekaa kibarazani hapa Nyegezi, jua likizama upande wa ziwa. Nilikuwa nimempigia wimbo wa Kisukuma uliorekodiwa mwaka 1950, alipokuwa bado mtoto. Mambo mengine yote nilikuwa nayo. Nilijua kwamba aliyerekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyekwenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana na kutumia maisha yake akizunguka Afrika na vinasa sauti. Nilijua mwaka, na nilijua santuri imehifadhiwa wapi. Nikamjibu kwa kile nilichokuwa nacho: "Ni wimbo wa Wasukuma, bibi."

Akanirudishia simu. "Wasukuma wote walikaa chini wakatunga?"

Wiki hiyo nilikuwa nikisoma habari za Zdeněk Fibich, kwa ajili ya semina ya shahada ya uzamili kuhusu hifadhi za sauti. Fibich alikuwa Mcheki, alizaliwa mwaka 1850 na kufariki Praha mwaka 1900. Aliacha simfoni tatu na kazi nyingine nyingi za okestra, lakini Wacheki wenzake wawili, Smetana na Dvořák, walimfunika. Kwa miaka mingi watu nje ya kwao hawakumsikia sana. Kisha katika miaka ya 1990 Neeme Järvi akazirekodi simfoni zake na okestra ya Detroit, na baadaye kiongozi wa okestra Marek Štilec akarekodi mfululizo mzima wa kazi zake. Wapenzi wa muziki huo wanasema haki imetendeka, ingawa kwa kuchelewa.

Nilipokuwa nikisoma nilimwonea huruma Fibich. Baada ya swali la Bibi, huruma ile ilipungua. Fibich alisahauliwa akiwa na jina. Nota zake zilikuwa zimeandikwa, jina lake likiwa juu ya ukurasa wa kwanza. Aliyetaka kumfufua alijua wa kumfufua ni nani.

Mwaka huohuo aliofariki, 1900, Carl Stumpf alianzisha mjini Berlin hifadhi ya sauti, Phonogramm-Archiv. Wasafiri, maofisa na watafiti walipeleka huko silinda za nta kutoka pande zote za dunia, ikiwemo koloni hili lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Silinda moja ilibeba dakika mbili au tatu za sauti. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, aliyekuwa akiiongoza hifadhi hiyo, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, jirani na ndugu zetu. Aliifanya kazi hiyo Berlin, kwa kusikiliza silinda. Kichwa cha makala kinasema hivyo tu: nyimbo za Wanyamwezi. Ni kana kwamba Fibich angeandikwa "Muziki wa Wacheki", basi.

Sisemi kazi ile haina thamani. Mwaka 1999 UNESCO iliingiza hifadhi ya Berlin katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na ilistahili. Tracey naye alikwenda mbele zaidi ya wale wa nta: alifika mwenyewe, akasikiliza, na mara nyingi aliandika majina ya waliopiga na kuimba. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na mfululizo wake wa santuri, Sound of Africa, ulifika 210. Lakini aliyeimba mbele ya kipaza sauti si lazima awe ndiye aliyetunga. Na kila kitu kilikwenda kusini. Alipofariki mwaka 1977, maktaba ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, na ndipo ilipo hadi leo.

Kinachonisumbua ni kwamba Usukuma hakuna wimbo unaoanza bila mwenyewe. Mtunzi anaitwa ningi, na ningi hujulikana. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, kila upande ukimfuata mwanzilishi wake, Ngika au Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana, kila moja na ngoma zake na dawa zake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Katika mashindano ya namna hiyo, jina ndilo linalogombaniwa. Kumwondolea ningi jina lake ni kumnyang'anya ushindi.

Redio ilithibitisha hilo baadaye. Mzee Mwinamila wa Tabora na kikundi chake cha Hiari ya Moyo wanajulikana nchi nzima kwa sababu mtangazaji aliwataja. Na Frank Gunderson, Mmarekani aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, alijua kwamba wimbo wa jembe nao una mwenyewe.

Siku chache baadaye nilipanda daladala hadi mjini, nikaunganisha nyingine hadi Kisesa, nikapandisha Bujora kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimepangwa ngoma za watemi. Nilisimama mbele yake nikifikiri kwamba hapa tunavyo vyombo na kule wanazo sauti, lakini swali la Bibi halijajibiwa pande zote mbili.

Niliporudi Nyegezi nilikuwa na daftari. Nikamwomba Bibi aniambie mabaningi aliowasikia kwao akiwa msichana. Alinitajia watatu, kila mmoja na kijiji chake na upande wake, na mmoja wao akamtaja kwa dharau kwa kuwa alikuwa wa upande wa pili. Nikaandika yote.

Wa nne alimpotea. Alikumbuka sauti yake, alikumbuka kwamba alikuwa na kilema cha mguu, alikumbuka mwaka wa njaa aliokuja kucheza kwao na watu wakasahau njaa usiku mzima. Wimbo wenyewe aliuimba wote, taratibu, akipiga goti kwa kiganja. Kisha akanyamaza, akaanza tena kulitafuta jina. Nikasubiri na kalamu mkononi hadi giza likaingia, halikuja.