Kalahari Isiyo na Wenyeji: Majina ya Mahali katika Ramani za Michezo ya Kubaki Mmoja

Katika taaluma ya michezo ya kompyuta upo msimamo wenye nguvu, ambao Espen Aarseth aliueleza kwa uwazi kuliko wenzake katika makala yake ya mwaka 2004, kwamba kinachoufanya mchezo uwe mchezo ni kanuni zake, na kwamba sura ya nje, iwe ya mhusika au ya mandhari, haimbadilishii mchezaji namna ya kucheza. Mfano wake ulikuwa umbo la Lara Croft, mhusika maarufu wa michezo ya kompyuta, ambalo kwa maoni yake lingeweza kubadilishwa kabisa na mchezo ukabaki ule ule. Msimamo huo ukihamishiwa kwenye ramani unazaa dai jepesi kulikubali: kwamba ardhi ya mchezo ikiitwa Bermuda, Kalahari au Matogoro, risasi hazitabadilika wala mshindi hatakuwa mwingine. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa upande mmoja tu, ule wa majina ya mahali, na ushahidi wake unatoka katika aina ya mchezo ambayo vijana wa Songea, kama wenzao wa miji mingine ya Tanzania, wanaijua kwa vidole vyao.

Aina hiyo inaitwa hapa mchezo wa kubaki mmoja. Wachezaji, mara nyingi kati ya 50 na 100, hushushwa kwa ndege juu ya ardhi moja wakiwa mikono mitupu, huokota silaha majumbani na mabarabarani, kisha huuana huku zoni, yaani duara la usalama, ikizidi kusinyaa hadi abaki mtu mmoja au kikosi kimoja. Jina la Kiingereza la aina hii, battle royale, lilienezwa na riwaya ya Mjapani Koushun Takami iliyotoka mwaka 1999. Mchezo ulioisambaza duniani ni PUBG, uliobuniwa chini ya uongozi wa Brendan Greene wa Ireland na kutolewa mwaka 2017, mwaka ambao Fortnite na Free Fire nazo zilianza kuchezwa kwa mtindo huo. Kwamba ardhi ndiyo uti wa mgongo wa michezo ya kompyuta kwa jumla ni jambo ambalo watafiti Henry Jenkins na Michael Nitsche walikwisha kulijengea hoja, na hakuna sababu ya kulirudia.

Kuhusu ukubwa wa ardhi, Aarseth apewe haki yake. Ramani ya Erangel katika PUBG ina upande wa kilomita 8, yaani kilomita za mraba 64 kwa watu 100, ilhali Sanhok, yenye upande wa kilomita 4, inawabana watu hao hao ndani ya kilomita za mraba 16, na Karakin, yenye upande wa kilomita 2, inawaweka watu 64 ndani ya kilomita za mraba 4. Kwa hesabu hiyo, kila kilomita ya mraba ya Erangel ina mtu mmoja na nusu hivi, na ya Karakin ina watu 16. Mtu anayetoka mjini Songea kwenda Peramiho angeimaliza Erangel nzima kabla hajafika theluthi ya pili ya safari, na huko njiani huenda asingekutana na adui hata mmoja; ndani ya Karakin asingevuka kichochoro bila kukutana naye. Tofauti hizo ni za kanuni tupu na hazihitaji jina. Zinagusa mfuko pia, kwa sababu katika matoleo ya simu ramani kadhaa hupakuliwa moja moja, hivyo mwenye simu janja ya memori ndogo na bando la siku huchagua ramani kwa uzito wake kabla hajaichagua kwa uzuri wake.

Ila hesabu haimalizi habari. Kikosi cha watu wanne kikiwa bado ndani ya ndege kina sekunde chache za kuamua kitashukia wapi, na uamuzi huo hufanywa kwa mdomo, kupitia vipaza sauti vya simu. Katika Bermuda ya Free Fire, mmoja anataka sehemu iitwayo Peak kwa sababu silaha ni nyingi, mwingine anaiogopa Peak kwa sababu hiyo hiyo na kupendekeza Mill, wa tatu yuko kimya kwa kuwa mtandao unamkatakata, wa nne amekwisha kuruka. Wakishatua, taarifa za adui, za gari na za mwenzao aliyeangushwa hutolewa kwa majina hayo hayo. Na mchezo ukiisha, ubishi wa nani alimponza nani huendeshwa kwa majina hayo pia. Ni kweli kwamba siku hizi ipo alama ya kubonyeza inayomwonesha mwenzako mahali bila kutamka neno, lakini alama hiyo hufutika baada ya muda mfupi, na hakuna anayeweza kupanga mkakati wa kesho au kusimulia ushindi wa jana kwa kubonyeza. Jina la mahali, basi, ni chombo cha kazi ndani ya mchezo kama ilivyo dira. Ukilitoa, kikosi kinacheza vingine.

Likiwa chombo, ni halali kuuliza limetoka kwa nani. Free Fire inatoa jibu la wazi kuliko michezo yote ya aina yake. Mchezo huu ulitengenezwa na studio ya 111dots ya Vietnam na kuchapishwa na Garena, kampuni yenye makao yake Singapore, na tangu mwanzo ulikusudiwa simu za bei ya kawaida, jambo linaloeleza kwa nini uliota mizizi Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini na hatimaye Afrika. Katika ramani yake ya kwanza, Bermuda, mchezaji hukuta Bimasakti Strip, Katulistiwa na Kota Tua, majina ya Kiindonesia. Hukuta Rim Nam Village, jina la Kithai. Hukuta Sentosa, kisiwa cha mapumziko cha Singapore. Katika ramani ya pili, Purgatory, upo mji uitwao Brasilia. Jina hilo halikuangukia hapo kwa bahati: Brazil ni miongoni mwa nchi ambazo mchezo huu umependwa mno, kiasi kwamba mashindano yake ya dunia ya mwaka 2019 yalifanyika Rio de Janeiro na kombe likabaki na timu ya wenyeji, Corinthians. Kwa kifupi, soko lilipokuwa, majina yalifuata, na mchezaji wa Jakarta au wa Brazil alipewa walau pembe moja ya ardhi ambayo ulimi wake unaitamka bila kujifunza.

Ndipo ikaja Kalahari, takriban mwanzoni mwa mwaka 2020. Hii ndiyo ramani ya Free Fire iliyobeba jina la eneo la Kiafrika kweli kweli, jangwa linaloenea Botswana, Namibia na Afrika Kusini, na msomaji angetarajia kwamba utaratibu wa Bermuda na Purgatory ungeendelea. Haukuendelea. Sehemu zake ni pamoja na Refinery, Command Post, Council Hall, Foundation, Confinement, Bayfront, Shrines, Stone Ridge, The Sub, Old Hampton, Santa Catarina na Mammoth. Old Hampton ni jina la Kiingereza kitupu. Santa Catarina ni la Kireno, na ndilo pia la jimbo mojawapo la Brazil. Mammoth ni mnyama wa kale ambaye watu wengi humhusisha na nchi za barafu, na nani alimpeleka jangwani ni swali la kumwachia mbunifu. Hakuna Ghanzi wala Maun, miji ya Botswana; hakuna jina la Kitswana wala la Wasan, wenyeji wa jangwa hilo. Mchanga umechukuliwa, na watu wameachwa.

Atasema mtu kwamba ndani ya Bermuda kuna sehemu iitwayo Cape Town, hivyo Afrika haikusahauliwa. Pingamizi hilo ni dhaifu. Jina moja la Kiingereza la mji wa bandari maarufu, lililowekwa kando ya bahari, halitoshi kupindua utaratibu unaoonekana katika ramani tatu, na kama lina maana yoyote, linaonesha kwamba jina la Kiafrika huingia likiwa tayari limevaa Kiingereza.

J. B. Harley, mwanahistoria wa ramani, alionesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kile ambacho ramani inakinyamazia ni sehemu ya kile inachokisema. Wafuasi wake wengi walikuwa na ramani za kikoloni akilini, na hapo ndipo mfano wa Songea unapoingia kwa namna isiyotarajiwa. Kituo cha kijeshi ambacho Wajerumani walikiweka hapa mwaka 1897 kilichukua jina la nduna wa Wangoni, Songea Mbano, ambaye Wajerumani hao hao walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na ambaye kumbukumbu yake inahifadhiwa leo katika Makumbusho ya Majimaji mjini humu. Katika ramani kubwa ya koloni iliyochorwa na Paul Sprigade na Max Moisel kwa kipimo cha 1:300,000, vijiji vingi vinasomeka kwa majina ya majumbe wao. Sababu haikuwa heshima. Afisa aliyetaka kodi, wapagazi na chakula ilimpasa aulize kwa nani anakwenda, kwani bila jina la mwenyeji asingefika. Mbunifu wa Kalahari hakuwa na sharti hilo. Ardhi yake haina mtu wa kuulizwa njia, kwa hiyo aliweza kuijaza majina bila kumhoji yeyote. Kwa kipimo hiki kimoja, na si kwa kingine chochote, ramani ya mkoloni inaushuhudia uwepo wa wenyeji kuliko ramani ya mchezo.

Jambo hili lingekuwa dogo kama Kalahari yenyewe isingekuwa na kesi. Kuanzia mwaka 1997, na tena mwaka 2002, serikali ya Botswana iliwahamisha Wasan kutoka Hifadhi ya Kalahari ya Kati, wakiwemo watu wa makazi kama Xade na Molapo, hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua Desemba 2006 kwamba waliolalamika walikuwa wameondolewa kwenye ardhi yao isivyo halali. Kuchora Kalahari isiyo na makazi yao, zaidi ya miaka kumi baadaye, ni kurudia upande mmoja wa kesi iliyokwisha kuamuliwa, hata kama mchoraji hakuwahi kuisikia.

Watetezi wa kanuni tupu watabaki na neno moja: wachezaji wenyewe hawajali. Tukio la Juni 2020 linawajibu. PUBG ya simu iliongeza katika ramani ya Sanhok sanamu za kimila ambazo mhusika alizipigia magoti ili apate nguvu. Kikanuni, ilikuwa njia nyingine tu ya kuongeza uhai, sawa na kufunga bandeji. Waislamu wa Kuwait na nchi nyingine za Ghuba walipinga vikali, na kampuni ikaomba radhi na kukiondoa kitendo hicho. Ikiwa sura haina uzito, hakukuwa na cha kuombea radhi. Tofauti kati ya Ghuba na Afrika ya Mashariki katika suala hili huenda si ya kujali au kutojali, bali ya nguvu ya ununuzi, kwa kuwa malalamiko ya mteja mkubwa husikika mapema.

Haidaiwi hapa kwamba mchezaji wa Bombambili au Lizaboni, mjini Songea, anashindwa mchezo kwa sababu Old Hampton si jina la kwao. Atalikariri kama wanafunzi wanavyokariri mito ya Ulaya. Kinachodaiwa ni kwamba kanuni na jina haviachani kama Aarseth anavyotaka, na kwamba orodha ya majina ndiyo mahali pa kwanza pa kuangalia nani amehesabiwa kuwa mkazi na nani amehesabiwa kuwa mandhari. Wabunifu wa kanda hii hawaanzii sifuri: mwaka 2015 studio ya Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, mchezo wa risasi unaochezwa katika mitaa ya Nairobi. Studio za Tanzania zinazotafuta fedha za kutengeneza michezo, na taasisi zinazowapa fedha hizo, zianze na karatasi ya majina kabla ya bunduki: majina ya Matogoro, Mfaranyaki, Peramiho na mto Ruvuma hayana hatimiliki ya mtu, na hayapunguzi kasi ya simu yoyote.